Bastola Kiunoni: Silaha Fupi na Msamiati Wake katika Miteremko ya Kilimanjaro

Kiswahili kina utajiri wa maneno yanayohusu bunduki ndefu, na ukata mkubwa wa maneno yanayohusu bunduki fupi. Kamusi zilizotungwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 zinatofautisha bunduki ya mrao, inayowashwa kwa utambi, na ile ya gumegume, inayotoa cheche kwa jiwe. Kisha ile ya fataki, na baadaye bunduki ya viasi, inayotiwa risasi kwa nyuma. Iko ya mdomo mmoja, na iko ya midomo miwili. Sehemu za chombo hicho nazo zina majina yake: kasiba au mtutu, kitako, mtambo, na mdeki wa kushindilia baruti. Yote hayo yanahusu silaha ya begani. Ukija kwenye silaha ya kiganjani, msamiati unakauka ghafla. Neno ni moja, bastola, na limebeba kila kitu: bastola ya risasi moja, bastola ya gurudumu lenye matundu sita, na bastola ya magazini. Lile gurudumu lenyewe, ambalo ndilo moyo wa rivolva, halikupata jina la Kiswahili hadi mafundi wa magari walipozoeza watu neno silinda.

Pengo kama hili halitokei hivi hivi. Lugha huzaa majina pale wasemaji wake wanapokishika kitu, wanapokifungua, wanapokiuza na kukitengeneza. Mhadhara huu unachunguza kwa nini silaha fupi haikupita katika njia hiyo, na unalitafuta jibu hasa katika miteremko ya Kilimanjaro, ambako kwa muda wa miaka isiyozidi hamsini bunduki ziliingia kwa biashara, zikaamua vita vya majirani, kisha zikawekewa mipaka kwa sheria iliyoandikwa Ulaya.

Kwanza neno lenyewe. Bastola asili yake ni Ulaya. Waitalia na Wareno husema pistola. Hata hivyo, ni vigumu kuamini kwamba Waswahili walilipokea moja kwa moja kutoka kwa Wareno waliokaa Mombasa. Maneno yaliyotoka kwa Wareno bila kupitia pengine aghalabu yamehifadhi sauti /p/: padri, parafujo. Kiarabu hakina /p/, na mkopo wowote wa namna hiyo hugeuka /b/ kinywani mwa Mwarabu. Kwa hiyo umbo bastola lina alama ya safari: lilitoka Ulaya, likapita kwenye masoko ya Waarabu, ndipo likafika pwani ya Afrika Mashariki. Ndugu yake, bunduki, ni la Kiarabu, na wanazuoni hulihusisha na tunda dogo gumu lililofanana na risasi za kale, ingawa wako wanaolihusisha na jina la Kiarabu la mji wa Venice. Risasi ni madini ya kuyeyusha kabla ya kuwa kitu cha kuulia. Mzinga, nalo, ni neno la nyumbani kabisa. Mtu wa Uchagani aliyetundika mizinga ya nyuki mtini hakuhitaji kuelezwa sana kwa nini gogo la chuma lililotobolewa liliitwa hivyo.

Bunduki ndefu zilifika bara kwa wingi wa kutisha. Mataifa ya Ulaya yalipokuwa yakibadilisha silaha za majeshi yao kati ya miaka ya 1860 na 1880, zile kuukuu ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na bandari ya Unguja ilikuwa mojawapo ya milango yake mikubwa. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, aliarifu kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka. Bidhaa ya wingi huo haiwezi kubaki ya kigeni. Wapagazi waliibeba, wafanyabiashara waliikadiria kwa vipande vya ndovu, wahunzi walitengeneza mitambo iliyovunjika. Hata majina ya watu yalitokana nayo: Hamed bin Muhammed el-Murjebi, katika kumbukumbu zake, anasema kwamba jina Tippu Tip alipewa kwa sababu ya mlio wa bunduki zake. Msamiati ulioorodheshwa hapo juu ni zao la mikono hii.

Kilimanjaro ilikuwa kituo cha njia ya kaskazini, kati ya Mombasa au Pangani na nchi ya Wamasai. Misafara ilipumzika hapo, ikanunua ndizi, maharage na ndovu. Johannes Rebmann alipofika mwaka 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, alikuwa na mwavuli mkononi badala ya silaha, jambo lililowashangaza waliomfahamu. Miaka michache tu baadaye hali ilikuwa nyingine. Mangi Rindi wa Moshi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, alijifunza Kiswahili vizuri na kuutumia ujuzi huo kudai alichokitaka. Charles New alinyang'anywa mali yake na mangi huyo mwaka 1875, akafariki akiwa njiani kurudi pwani. Joseph Thomson, aliyepita mwaka 1883, alilazimika kutoa bunduki miongoni mwa zawadi zake. Upande wa magharibi, Sina wa Kibosho alijikusanyia silaha na kujenga ngome ya mawe ambayo Wajerumani walilazimika kuishambulia kwa mizinga mwezi Februari 1891, wakisaidiwa na watu wa Moshi.

Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba mamangi walitaka bunduki ndefu. Vita vyao vilikuwa vya makorongo na migomba, vya kuvizia na kuteka ng'ombe. Silaha inayofika mbali na kushikwa na watu mia moja ilikuwa na thamani kuliko silaha inayomlinda mtu mmoja ndani ya hatua kumi. Bastola ingeweza kupokewa kama zawadi ya heshima, lakini haikuwa nguzo ya utawala.

Nani basi aliihitaji? Msafiri wa Kizungu, na baada yake ofisa. Huyu alikuwa na tatizo ambalo mangi hakuwa nalo. Bunduki yake ya kuwindia ilichukuliwa na mpagazi aliyetembea mbele au nyuma yake. Usiku ilisimama pembeni mwa hema. Alihitaji kitu cha kukaa mwilini mchana kutwa, kisichozuia kupanda mlima wala kuandika, na ambacho kingefanya kazi mara moja ikiwa mtu au mnyama atatokea karibu. Hapo ndipo lilipozuka suala la uchaguzi ambalo mafundi wa Birmingham, Liège na Ujerumani walishindana kulijibu: je, silaha inaweza kuwa fupi na nyepesi, na bado ikarusha risasi kubwa?

Masharti hayo mawili yanavutana. Kwa baruti nyeusi ya zama zile, kasi ya risasi ilikuwa ndogo, na njia ya uhakika ya kuongeza nguvu ilikuwa kuongeza uzito na upana wa risasi yenyewe. Risasi pana inadai matundu mapana katika gurudumu, na gurudumu likinenepa silaha haiingii mfukoni. Mtutu ukifupishwa, silaha hutoka haraka, lakini shabaha hupotea baada ya hatua chache, na teke lake huumiza kiganja kwa kuwa hakuna uzito wa kulipunguza. Kampuni ya Webley ya Birmingham ilitoa jibu lake mwaka 1872 kwa rivolva iliyojulikana kama Bulldog. Ilikuwa na mtutu wa sentimita sita na ushei, na risasi yenye kipenyo cha milimita 11 hivi. Siri yake ilikuwa kuacha tundu moja: matundu matano badala ya sita, gurudumu likapungua unene, na mtu akaweza kuitia katika mfuko wa koti. Waigaji walikuwa wengi, hasa Ubelgiji, na aina hiyo ikaenea duniani kama silaha ya raia msafiri.

Jeshi la Ujerumani lilijibu kwa namna nyingine. Rivolva yake ya mwaka 1879 ilikuwa na kipenyo cha milimita 10.6, matundu sita, mtutu wa sentimita 18 hivi na uzito wa kilo moja na kidogo. Ilikuwa imara kama nyundo, na iliwachosha walioivaa. Mwaka 1883 ukatolewa mfano mfupi zaidi, wenye mtutu wa sentimita 12 hivi, ambao ulipendwa na maofisa. Risasi ilibaki ileile. Kilichokatwa ni chuma tu. Lakini mifano yote miwili ilikuwa na dosari ambayo fundi wa pwani angeitambua papo hapo: haikuwa na kifaa cha kutolea maganda. Baada ya kupiga mara sita, ofisa alifungua kilango cha pembeni, akachukua kijiti cha chuma, akasukuma ganda mojamoja, kisha akatia risasi mojamoja. Silaha ya kisasa ya dola kubwa ilikuwa imerudi kwenye mdeki. Kwa maneno mengine, yule aliyeivaa alinunua mapigo sita tu. Baada ya hapo alitegemea askari wake wenye bunduki za Mauser za mfumo wa mwaka 1871.

Hili la kutegemea askari lina uzito katika historia ya maana. Katika jeshi la kikoloni la Wajerumani, askari Mwafrika kwa kawaida alibeba bunduki ndefu, na bastola ilikuwa alama ya anayeamuru. Pwani, kiuno cha mwanamume kilikuwa tayari na lugha yake. Muungwana alivaa jambia mbele, na fedha ya ala yake iliwaambia watu nasaba na uwezo wake kabla hajafungua kinywa. Uchagani na Umasaini sime ilikaa ubavuni. Silaha hizo zilionekana, na kuonekana kwake kulikuwa sehemu ya adabu: anayeonyesha silaha hajaja kuvizia. Mfuko wa ngozi wa ofisa, wenye kifuniko na kifungo, uliingia katika desturi hiyo bila shida. Watu waliusoma kama walivyosoma jambia. Bulldog ya mfukoni ilikuwa kitu kingine. Iliundwa ili isionekane, na kwa mtazamo wa pwani na wa mlimani pia, silaha iliyofichwa ni ya mtu mwenye nia iliyofichwa. Yamkini hii ni sababu mojawapo ya bastola kukosa sifa katika simulizi, ambako upanga, mkuki na hata gobore vina mashujaa wake.

Sababu kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya kisheria. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba uliokusudia kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake yaliwekwa masharti kuhusu silaha, katika eneo lote lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta. Kilimanjaro iko nyuzi tatu kusini, katikati kabisa ya ukanda huo. Bunduki zenye mifuo ndani ya mtutu na zile za kutiwa risasi kwa nyuma zilipigwa marufuku kuuzwa huko. Bunduki ya gumegume isiyo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, iliweza kuruhusiwa. Nafasi ya pekee iliachwa kwa majeshi ya serikali, kwa watu waliotoa dhamana ya kutosha kwamba silaha haitahamishiwa kwa mwingine, na kwa wasafiri wenye tamko la serikali zao kwamba silaha ni ya kujilinda wenyewe.

Mkataba haukutaja rangi ya mtu katika masharti hayo, na haukuhitaji kufanya hivyo. Msafiri mwenye tamko la serikali yake alijulikana ni nani. Kuanzia hapo, kuchagua rivolva ya kujilinda kulikuwa haki ya mwenye karatasi, na gumegume, teknolojia iliyokwisha kutupwa Ulaya, likawa fungu la mwenyeji. Ni dhahiri kwamba mgawanyo wa msamiati tunaouona katika kamusi umeufuata mgawanyo huu. Gumegume, fataki, mdeki na gobore vilibaki mikononi mwa watu na vinywani mwao. Rivolva ilibaki kiunoni mwa mtu mmoja aliyekuwa akitazamwa kwa mbali.

Kwamba sheria haikufuta mara moja silaha zilizokwisha kuingia, kulionekana mwezi Juni 1892. Mandara alikuwa amefariki mwishoni mwa mwaka 1891, na mwanawe Meli akatawala Moshi. Kikosi cha Kijerumani chini ya von Bülow kilipanda kumwadhibu, kikashindwa; von Bülow na mwenzake Wolfrum walipoteza maisha. Rivolva za maofisa hazikuwa na la kufanya mbele ya watu waliopiga kutoka ndani ya migomba kwa bunduki ndefu. Wajerumani walitafuta aliyetoa silaha hizo, na lawama ziliwaangukia wamisionari Waingereza wa Church Missionary Society waliokuwa Moshi. Walihamia Taveta mwaka huohuo, na mwaka 1893 nafasi yao ikachukuliwa na wamisionari wa Leipzig. Kwa hiyo tuhuma ya bunduki ilibadilisha madhehebu ya upande mzima wa mlima, na pamoja na madhehebu ikabadilisha shule, vitabu na lugha ya kufundishia. Agosti 1893 von Schele alimshinda Meli. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa pamoja na mamangi na watu wengine, miongoni mwao Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha.

Kipindi cha Waingereza hakihitaji maelezo marefu. Walipoingia Moshi mwezi Machi 1916, maofisa wao walivaa rivolva ya Webley yenye kipenyo cha milimita 11 na nusu hivi, ambayo mfano wake wa sita ulikuwa umetolewa mwaka 1915. Iliwazidi Wajerumani wa 1879 kwa jambo moja kubwa: ilikunjuka kwenye bawaba, na maganda yote sita yakaruka nje kwa pamoja. Uzito wake, zaidi ya kilo moja, ulibaki kuwa mzigo. Mwaka 1932 jeshi la Uingereza lilikubali rivolva ndogo ya Enfield, yenye kipenyo cha milimita 9 na ushei, kwa hoja kwamba mtu aliyefunzwa kwa muda mfupi hupiga vizuri zaidi kwa silaha isiyomrusha mkono. Hoja hiyo ilikuwa ya busara, na ingalipaswa kusikika miaka hamsini mapema. Risasi kubwa inayokosa shabaha haimlindi mtu.

Baada ya uhuru kibali kilibadilisha mtoaji, lakini mantiki yake haikubadilika sana. Tanzania Bara ilitunga sheria ya silaha na risasi mwaka 1991, na nafasi yake ikachukuliwa na sheria ya kudhibiti silaha namba 2 ya mwaka 2015. Aidha, nchi za eneo hili zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo mwezi Aprili 2004. Raia anayetaka bastola ya kujilinda anaweza kuomba. Bado, katika mji wa Moshi kama kwingineko, anayemiliki bastola kihalali hudhaniwa kuwa mfanyabiashara mkubwa, ilhali mlinzi wa usiku wa mtaani hukesha na rungu, na pengine upinde na mishale. Mpaka uliochorwa Brussels unaonekana bado, ingawa sasa unapimwa kwa fedha.

Lugha ya mjini nayo imeanza kulipa deni lake. Vijana wa Tanzania huiita bastola mguu wa kuku, kwa jinsi mpini unavyopinda kutoka kwenye mtutu kama paja linavyopinda kutoka kwenye mfupa. Hili ni jina la kwanza la silaha hii kutungwa na Waswahili wenyewe kwa kuitazama umbo, sawa na mababu walivyotunga mdomo na kitako kwa bunduki. Lina kejeli ndani yake, na kejeli hiyo ni ya haki: kitu kilichoogopwa kiunoni mwa ofisa kimeshushwa hadi jikoni. Pamoja nalo imekuja njia nyingine ya kukopa, ile ya vifupisho. Mfanyabiashara mashuhuri wa tanzanite alipouawa kwa risasi wilayani Hai tarehe 7 Agosti 2013, neno lililotawala magazetini na mitaani lilikuwa SMG, herufi tatu za Kiingereza zinazotamkwa na wengi wasiojua zinasimama badala ya nini. Kata ya Soweto mjini Moshi ina jina la aina hiyohiyo. Ni kifupisho cha Kiingereza kilichotungwa Johannesburg mwaka 1963 kwa ajili ya vitongoji vya kusini-magharibi, kikasafiri hadi chini ya Kilimanjaro, na leo mkazi wake hukitamka kama neno la Kiswahili lenye silabi tatu wazi, bila kuuliza lilikotoka.

Gobore, kwa upande wake, halijaondoka. Katika vipindi ambavyo Jeshi la Polisi la Tanzania limetangaza kusalimisha silaha kwa hiari, magobore ya kienyeji yameonekana kwenye meza za maonyesho kando ya bastola na bunduki za kivita. Mitutu yake mingi ni mabomba ya maji, na vitako vimechongwa na mafundi wa vijijini. Mdeki umefungwa chini ya mtutu, mahali palepale ulipokaa mwaka 1888.